Kadi Iliyogoma

Ijumaa, saa tano asubuhi, kadi iligoma.
Kesho yake nina sendofu Kimara Korogwe,
betri mbili zimejaa, lenzi nimeipangusa,
kilichobaki ni kuifuta kadi, iwe nyeupe, basi.
Kamera ikauliza: Futa zote?
Nikabonyeza ndiyo kwa kidole cha mtu anayedai.

Maana zilizokuwa mle ni za Stamili,
harusi ya Mbagala Kizuiani, tangu Machi.
Alitoa arubaini, akabakiza laki na ishirini,
akabakiza na ahadi: "Wiki ijayo, dada Kidawa."
Wiki ijayo ile haimo kwenye kalenda yoyote.
Nami nikasema, nisiwe ghala la furaha za watu.

Imeshindikana.

Nikaitoa, nikaipuliza kama chai ya moto,
nikakisukuma kile kilimi cha pembeni, juu, chini, juu,
kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga.
Nikaijaribu kwenye kamera ya jirani. Imeshindikana.
Nikasema bismillahi. Imeshindikana.

Ombeni yuko Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe,
juu ya duka la vitasa, ngazi haina taa.
Hakuuliza habari. Alichukua kifutio cha penseli
akayasugua yale meno ya dhahabu ya kadi
taratibu, kama anayemnawisha mgonjwa uso,
akaichomeka kwenye kompyuta isiyo na herufi K.
Fomati. Tukangoja. Chini mtu alikuwa akigonga bati.
Ikasema: Tayari. Nikatazama: tupu,
tupu kama sufuria ya pilau baada ya shughuli.
Nikafungua pochi nimlipe.
"Ngoja kwanza." Akaichomoa, akairudisha.

Picha elfu moja mia moja sitini na tatu.
Wote wamerudi: Stamili, mashangazi, mpiga tarumbeta,
yule mtoto aliyelala chini ya meza, soda mkononi.

"Haijaharibika unavyodhani," akasema Ombeni.
"Imechoka kuandikwa. Haijachoka kusomwa.
Kadi zikifika hapo hujifunga zenyewe.
Itakuitikia ndiyo, ndiyo, na isitende."

Nikanyamaza.
Nyumbani Tandika ninaye mama
ambaye kila asubuhi namtajia jina la mjukuu wake,
naye huitikia, jina zuri hilo, na jioni huuliza tena.
Lakini mwulize bei ya kibaba cha mchele
mwaka ule walipohama Kilwa,
mwulize rangi ya mlango, jina la paka wa jirani.

Kadi mpya ilikuwa elfu ishirini na nane.
Nikalalamika; akapunguza mia tano na kicheko.
Mpya ile haina lolote. Inakubali kila kitu.
"Na hii ya zamani, nitupe?"
Mkono wake ulikuwa tayari juu ya ndoo.
Nikaichukua, nikaitia mfuko wa ndani wa pochi
pamoja na kadi ya kliniki ya mama.

Pale pale ngazini, gizani, nikampigia.
Hakupokea. Nikapiga tena.
"Dada Kidawa, wallahi, wiki ijayo..."
Nikamkata: njoo uchukue picha zako.
Hela utaleta utakapoleta.
Nimezifukuza, zimekataa kutoka.

Kimya. Bati la chini likagongwa mara tatu, likaacha.
Kisha, kwa sauti ndogo: "Ziko ngapi?"
Elfu moja mia moja sitini na tatu, nikasema,
pamoja na ile uliyofumba macho.